Chungu cha Mistari Miwili

Kampuni ilipotaka kupanua shimo lake la dhahabu mpaka kwenye kilima cha Ng'wande, ng'ambo kidogo ya Segese, sheria iliibana kwanza ilete watu wa mambo ya kale wapekue udongo. Ikawaleta, lakini kwa uso wa mtu aliyetembelewa na mgeni huku ugali uko mezani. Watu wa mambo ya kale hawakujali. Walifunga kamba zao, wakakigawa kilima viraka viraka, wakaajiri wanakijiji wa kuchekecha udongo. Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa Mageni.

Mageni alikuwa mzaliwa wa Didia aliyeolewa huku Segese, mjane sasa, mwenye mikono mipana na mdomo usiojua kubembeleza. Kijijini walimwita Mama Loveness, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa akiuza vitenge Kahama mjini. Kazi ya kuchekecha aliipenda kwa sababu moja tu: ilimpa ruhusa ya kuingia ndani ya uzio. Upande wa pili wa kilima ndiko lilikokuwa shamba lake la karanga kabla kampuni haijalimeza, na kutwa nzima alilitazama eneo lile kwa jicho la mtu aliyeibiwa akamjua mwizi.

Asubuhi moja Dokta Nelly, mkuu wa uchimbaji ule, aliita watu wote shimoni kwake. Alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuongea na udongo huku akiupiga brashi. Mbele ya magoti yake lilikuwa limejitokeza bega la chungu. Aliendelea kupiga brashi mpaka chungu kizima kikakaa wazi, hakina hata ufa, mdomo umefunikwa kwa kigae kilichogeuzwa. Shingoni kilichorwa mistari miwili iliyokwenda sambamba. Wa chini ulizunguka shingo yote ukajikuta wenyewe. Wa juu ulifika katikati ya safari, ukakatika.

"Haya si mapambo," alisema Dokta Nelly. "Mfinyanzi huchora udongo ukiwa mbichi. Hii mtu aliikwaruza chungu kikiwa kimeshachomwa, na mkono ulikuwa unatetemeka. Ni miaka mia nne hivi, labda mia tano."

Wenzake waliguna kwa mshangao. Mageni hakuguna. Aliweka chekecheke chini, akashika ukingo wa shimo. Mistari ile aliijua. Aliwahi kuikwaruza mwenyewe, kwa ncha ya kisu, naye mkono wake ulitetemeka.

Mageni alizaa mapacha. Wa kwanza kutoka aliitwa Kulwa na wa pili Doto, kama wanavyoitwa mapacha wa Kisukuma tangu enzi. Jina la Loveness, Doto alikuja kulipata kanisani. Kulwa hakufika kuota meno. Katika ukoo wa mumewe, pacha anayekwenda mapema namna hiyo hazikwi kama watu wengine. Mama mkwe alileta chungu na kisu, akamwelekeza mzazi achore mistari miwili, mmoja kwa kila mtoto, na wa aliyekufa aukate. Kisha Kulwa akawekwa ndani, akafukiwa ukingoni mwa shamba la karanga, bila tuta, bila jiwe, bila mtu kutajiwa. Na mama mkwe alimziba Mageni mdomo kwa kiganja chake. Ukimlilia huyu, alimwambia, mwenzake atamfuata, na mvua itakata.

Mageni alikimeza kilio. Alikimeza kweli kweli, kikakaa.

Miaka michache baadaye kampuni ilikuja na uzio. Ilitaka kila familia ioneshe makaburi yake ili yahamishwe kwa heshima. Watu wakaonesha: huyu baba yake, yule nyanya yake. Zamu ya familia ya Mageni ilipofika, alimtazama shemeji yake Magesa, mdogo wa mumewe. Magesa alitazama chini. Mageni naye akatazama chini. Pacha hatajwi, na asiyetajwa hana kaburi. Greda likapita juu ya shamba la karanga lisijue limebeba nini. Tangu hapo Kulwa yumo mahali fulani ndani ya ule mlima wa kifusi unaoonekana kutoka mlango wa jiko la mama yake. Ni mlima mkubwa. Hakuna namna ya kupika bila kuuona.

Sasa alisimama ukingoni mwa shimo akitazama Kulwa wa mwanamke mwingine.

Habari ya chungu kizima haikukawia kufika ofisini. Alikuja Thobias, afisa uhusiano wa kampuni, kijana wa hapo hapo Kahama, kofia ngumu nyeupe kichwani na shikamoo zake tayari mdomoni. Pamoja naye alikuja Magesa, ambaye siku hizi alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Thobias alipokiona chungu alifurahi waziwazi. Wiki hiyo hiyo kampuni ilitarajia wageni wakubwa, na kabati la kioo lilikuwa limeshawekwa mapokezi likisubiri kitu cha kuwaonesha kwamba kampuni inathamini historia.

"Sina hakika kama ni kitu cha kabatini," alisema Dokta Nelly. "Nadhani ni kaburi. Nadhani humu ndani kuna mtoto mchanga."

"Unadhani, Dokta."

"Kujua kabisa ni mpaka nikifungue, na sikifungui kabla wenyeji hawajasema. Kikiwa kaburi, taratibu zake ni nyingine."

"Basi tuwaulize wenyeji." Thobias alimgeukia Magesa, kwa adabu zote. "Mwenyekiti, hapa kilimani mna makaburi yenu yaliyobaki?"

Ingekuwa raha kusema kwamba Magesa alihongwa, tungemchukia tukamaliza. Hakuhongwa. Alikuwa mzee mwaminifu aliyeogopa jambo moja tu duniani, nalo ni mvua kukatika mpunga ukiwa majarubani kwa sababu ya mdomo wake. Aliiona mistari ile. Aliisoma vizuri kuliko alivyotaka. Kisha akasema, "Hapana. Sisi hapa hatuna kaburi."

"Basi ni chombo," alisema Thobias. "Nikitoka kula nakuja na gari. Dokta, naomba kifungwe vizuri, kisije kikapata mchubuko."

Walipoanza kuondoka, Mageni alivua kandambili akashuka shimoni. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikaa juu ya udongo, akanyoosha miguu yake miwili mbele kama anavyokaa mwanamke anayekabidhiwa mtoto mchanga, akapitisha mikono chini ya chungu, akakiinua polepole, akakilaza mapajani.

"Mama Loveness, taratibu," Dokta Nelly alisema. "Kitavunjika."

"Havunjiki huyu," alisema Mageni. "Na kabatini haendi."

Walinzi wawili wa kampuni waliitwa wamtoe. Walikuja kwa haraka, wakafika ukingoni, wakaona alivyokaa na alichokipakata. Nao walikuwa watoto wa Kisukuma. Mwanamke aliyekaa miguu nje, chungu cha mabasa, yaani mapacha, mapajani, mwanamume hamgusi. Hata kivuli chake hapendi kimwangukie. Mmoja wao alijikuna kisogo kwa muda mrefu. Mwenzake alikumbuka ghafla kwamba geti limeachwa peke yake.

Thobias aliona mambo yanachelewesha chakula chake. "Mwenyekiti, ongea na mtu wako," alisema, akaenda zake.

Magesa alichuchumaa ukingoni. "Shemeji, toka humo. Unatuaibisha."

"Nimemwaibisha nani?"

"Unajua haya mambo hayasemwi."

"Hatukuyasema ile mara ya kwanza," Mageni alijibu. "Nilikutazama ukatazama chini. Yuko wapi mwanangu sasa, shemeji? Nioneshe. Yuko upande gani wa kifusi kile, nikipita nijue pa kusimama?"

Magesa alitafuta pa kuchomea. "Basi mfikirie uliyebakiwa naye," alisema. "Naona machozi yamekufika kopeni. Ukimlilia huyo, Loveness atamfuata. Ni mmoja tu unaye."

Hapo alimpata. Mageni alikuwa muumini, alikwenda kanisani na kuimba kwa sauti ya kwanza, lakini maneno yale yaliwekwa ndani yake kabla ya nyimbo zote za kwaya, tena kwa kiganja. Aliogopa. Aliogopa mpaka vidole vikafa ganzi juu ya shingo ya chungu. Alijikaza, akakaza na taya, akatazama mbele, wala hakuinuka.

Magesa alipoona bado kagoma, aliona heri apate msaada. Alimpigia simu Loveness mwenyewe aje amtulize mama yake, anadhalilika mbele ya watu. Ni yeye aliyempigia, na wengi waliosimulia habari hii baadaye walipenda kulirudia hilo.

Loveness alifika jua likiwa limeshapita utosini, mgongoni mwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na mtandio wa dukani bado shingoni. Alimsalimia baba yake mdogo, shikamoo, marahaba, kisha akaruka shimoni na viatu vyake vya mjini. Alikaa mbele ya mama yake.

"Nini hiki, mama?"

Mageni alikuwa hajawahi kumwambia. Alitafuta mwanzo wa maneno, akaukosa, akaanzia katikati. "Ulikuwa na mwenzako," alisema.

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Bibi alikuwa ananiita Doto mpaka anakufa. Ulidhani sikuwahi kujiuliza Kulwa yuko wapi?"

"Mbona hukuuliza?"

"Nilikuwa naona unavyokitazama kile kifusi ukitoka jikoni," alisema Loveness. "Nikasema, akitaka ataniambia."

Alinyoosha kidole akaufuata mstari wa juu mpaka pale ulipokatika. Alikiacha kidole papo hapo. Mageni alimweleza yote, kiganja cha bibi, greda, na jinsi yeye mwenyewe alivyotazama chini. Hakujitetea. Alipomaliza, uso ulikuwa umekakamaa, na binti yake aliona kitu kinachopanda na kurudishwa, kinapanda na kurudishwa.

"Lia, mama."

"Baba yako mdogo anasema utamfuata."

"Nimetoka Kahama nyuma ya yule kijana," Loveness alisema, akimwonesha bodaboda kwa kidevu. "Malori yote ya barabara ile ametaka kuyapita. Kama kufa ningeshakufa njiani. Mimi nipo, nishike uone. Lia."

Mageni alimshika mkono. Ulikuwa na joto, na vumbi, na ulimshika yeye kwa nguvu zaidi. Basi alifungua mdomo.

Hakikuwa kilio cha kujifutia kwa ncha ya khanga. Kilikuwa kilio kilichokaa ndani umri wote wa Loveness, na kilitoka na jina. Alimwita Kulwa. Alimwita jina lake, mchana kweupe, mbele ya shemeji yake na walinzi na wasomi na mashine za kampuni, akamwita tena na tena mpaka sauti ikapasuka. Magesa aliziba masikio kwa mikono yote miwili. Dokta Nelly alivua glavu zake akakaa chini pale pale alipokuwa.

Na huku Segese, kilio hakina mipaka ya uzio. Mtu akisikia sauti ya namna ile anaacha jembe pale lilipo. Wanawake waliokuwa majarubani walisikia, waliokuwa kisimani walisikia, wakajifunga khanga kiunoni wakashika njia. Hawakuuliza kwanza nani amekufa. Hilo huulizwa mtu akishafika. Mmoja alibeba mkeka, mwingine kuni, mwingine ndoo ya maji. Klara, jirani yake Mageni, alikuja na sufuria kubwa kichwani na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya kapu, kwa sababu msiba hauendeshwi na tumbo tupu. Getini mlinzi aliinua mkono kuwazuia, akawaona walivyojifunga, akaushusha mkono akawafungulia. Tangu azaliwe hajawahi kuona watu wanaoenda msibani wakiulizwa kitambulisho.

Walitandika mikeka kuzunguka shimo. Waliambiwa ni Kulwa wa Mageni, na yule mwingine wa zamani, na hakuna aliyecheka wala aliyesema hayo hayatajwi. Klara alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akasema taratibu, "Na wa kwangu," kisha naye akaanza kulia. Alikuwa jirani wa miaka mingi na Mageni hakuwa akijua. Mwanamke mwingine nyuma yake akasema na wake. Wanaume walijikusanya upande wao chini ya turubai la watu wa mambo ya kale, wakawasha moto, wakaongea kwa sauti za chini. Wachekechaji waliacha machekecheke. Kazi yote kilimani ikawa imesimama bila mtu kuisimamisha.

Thobias alirudi na gari na sanduku lililotandikwa nyasi. Njiani alikuwa ametayarisha hotuba: mali ya taifa, muda, wageni, na kidogo kuhusu polisi. Alishuka akafunga mlango kwa nguvu ili ajulikane amefika. Ndipo akaona mikeka, vichwa vilivyofunikwa, sufuria motoni, na wanaume walioinamisha nyuso.

Thobias alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa amemlea. Kofia ilitoka kichwani kabla hajaiamuru. Miguu yake ilipunguza mwendo. Alijongea mikekani, akainama kidogo, mkono kifuani.

"Poleni na msiba," alisema.

"Tumeshapoa," wanawake waliitikia kwa pamoja.

Akaenda upande wa wanaume, akapeana nao mikono mmoja mmoja, akavuta kigogo akakaa, kofia mapajani. Alikuwa amekwishakaa ndipo akakumbuka alichofuata. Waliokuwa karibu naye wanasema masikio yake yalibadilika rangi.

Kutoka shimoni sauti ya Mageni ilipanda, imekauka lakini imetulia. "Ahsante kwa kuja, mwanangu. Umekuja kumzika nani?"

Thobias alisimama. "Mama, mimi nimetoa pole tu. Ni mazoea."

"Mazoea mazuri. Umewahi kumpa mtu pole kwa sababu ya chombo?"

Thobias alimtazama Dokta Nelly kutafuta msomi mwenzake, naye Dokta Nelly alikuwa amekaa mkekani, kitambaa kichwani, katikati ya wanawake.

"Uliwauliza wenyeji, Thobias," alisema. "Hawa ndio wenyeji, na wameshajibu. Kwenye ripoti yangu ni kaburi, na sikifungui."

Thobias alikwenda kando akapiga simu. Aliongea, akasikiliza sana, akaongea kidogo. Aliporudi alisema wakubwa wamekubali kazi isimame upande huu wa kilima, na kwamba kampuni iko tayari kuligharamia kaburi lihamishiwe makaburini kijijini, kwa heshima.

"Hahamishwi," alisema Mageni. "Yaya, hapana. Aliwekwa hapa na mama yake. Anarudi hapa. Mkitaka dhahabu iliyo chini yake mtakuja kuniomba mimi, na mimi nitakuwa nimekaa hivi hivi."

Kama kilima kingepona au kisingepona, hilo lilikuwa la kubishaniwa siku nyingine, kwenye meza ambayo Mageni hakualikwa bado. Alijua hivyo. Lakini siku hiyo shimo lilikuwa lake, na kilichokuwa mapajani mwake hakuna mtu aliyekiita chombo tena.

Ilibaki kuchimba, maana chungu hakiwezi kulala kina kile kile cha juu juu. Kuchimba ni kazi ya wanaume, na wanaume walitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Aliyeinuka alikuwa Magesa. Alitembea mpaka shimoni, akashuka, akachukua jembe bila kumtazama shemeji yake usoni. Alichimba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mara moja moja alisimama akaangalia mbingu. Mbingu ilikuwa vile vile.

Mageni alikilaza chungu kwa mikono yake, Loveness akiwa ameshika upande wa pili. Walipokwisha kukifukia, safari hii kwa tuta, Thobias alileta kibao na kopo la rangi kutoka kwenye gari. Ni utaratibu, alieleza. Kaburi lisilo na kibao dereva wa greda hawezi kulitambua.

"Niandike 'Mtoto Asiyejulikana'?" aliuliza.

"Anajulikana," alisema Mageni. "Mstari uliokatika ni wa juu. Aliyetangulia kuzaliwa ndiye aliyekufa. Andika Kulwa."

Thobias alishika brashi, akasita. "Mama, pole, lakini Kulwa ni jina la mwanao. Huyu ana miaka mia nne. Nikiandika hivyo itakuwa..."

"Andika Kulwa."

Thobias alifanya kama alivyofanya asubuhi. Alimgeukia mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa bado ameegemea jembe, udongo mpaka magotini. "Mwenyekiti," alisema, "niandike nini?"

Mikekani kote watu waligeuka. Mageni alimtazama shemeji yake. Magesa alitazama chini, kwenye tuta, kisha akainua uso akamtazama Mageni, akamwambia yule kijana kwa sauti iliyofika mpaka getini:

"Mama yake si amekwambia? Andika."

Thobias akachovya brashi, akaandika.